Kuongoza tamthilia ngumu katika kikundi kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na waongozaji wenye kikundi cha watu sita au saba, chumba cha kuazima, na tamthilia iliyowakosesha usingizi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa sentensi chache, maana uzito wake haulingani.

Tamthilia "ngumu" ni ipi hasa?

Msamiati mzito hauifanyi tamthilia kuwa ngumu. Kamusi itakutoa hapo. Ngumu ni ile inayokunyang'anya vishikio ulivyozoea: kisa kinachosonga, mhusika mwenye jana na kesho, mazungumzo ambayo swali hufuatwa na jibu. Baadhi yake wahakiki wetu huziita tamthilia za kibwege, yaani za dunia isiyo na mantiki, na hazikuja zote kwa meli. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995) ina Ame na Zidi, ambao majina yao ukiyaunganisha unapata jina la tamthilia yenyewe. Tayari hapo mwigizaji anapaswa kuamua kama anacheza mtu mzima au nusu ya neno. Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) inafunguka kwa mchezo ndani ya mchezo, mmoja akiwa shetani na mwenzake binadamu. Mwongozaji asiyeamua mapema mchezo huo wa ndani unaishia wapi atapotea pamoja na hadhira yake.

Nimeisoma mara tatu na bado siielewi. Niiongoze?

Inategemea ni nini usichokielewa. Kama ni maana ya mwisho wake, endelea tu. Kama hujui kwa nini mtu wa pili anamjibu wa kwanza kwenye ukurasa wa nne, hujawa tayari. Alan Schneider, alipokuwa akiandaa onyesho la kwanza la Marekani la Waiting for Godot, ambamo watu wawili wanamngoja Godot asiyefika, alimuuliza mwandishi wake, Samuel Beckett, huyo Godot ni nani. Beckett alimjibu kwamba angejua, angelisema ndani ya tamthilia. Mwenye mali mwenyewe hana jibu, nawe unalihangaikia la nini?

Jifungie chumbani, uisome yote kwa sauti bila kusimama, penseli mkononi. Weka alama kila ulipocheka, kila ulipochoka, kila mwili ulipotaka kuinuka kitini. Usiandike sababu. Ukimaliza na kurasa ni nyeupe, chagua tamthilia nyingine, hata kama wahakiki wanaisifu hii. Miezi miwili ya mazoezi ni mirefu mno kwa kitu kisichokugusa popote.

Kikundi ni kidogo na hatutozi kiingilio. Bado tunahitaji kibali?

Ndiyo. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufa, kwingine 50. Beckett alifariki mwaka 1989, na kati ya waandishi wa Uingereza, Sarah Kane mwaka 1999, Harold Pinter mwaka 2008. Hesabu mwenyewe. Fungua ukurasa wa mwanzo wa kitabu uone jina la mchapishaji au wakala, uwaandikie kabla hujamwita mwigizaji hata mmoja. Kama unataka kuitafsiri, sema hivyo waziwazi kwenye barua, kwa kuwa kibali cha kutafsiri ni kingine na cha kuonyesha ni kingine. Mrabaha wa kikundi kidogo mara nyingi huwa mdogo, lakini majibu hukawia.

Waongozaji wengi huja kugutuka kwenye kubadilisha. Mwaka 1984 huko Marekani tamthilia ya Beckett, Endgame, iliwekwa ndani ya kituo cha treni za chini ya ardhi kilichotelekezwa, ilhali yeye aliandika chumba kitupu chenye madirisha mawili madogo. Alikasirika, mawakili wakaingia, na suluhu ikawa kuchapisha malalamiko yake ndani ya kijitabu cha onyesho lenyewe. Wewe huna mawakili. Ukitaka kukata ukurasa, au kumpa mwanamke nafasi iliyoandikwa kwa mwanamume, omba kwanza. Nimewahi kukubaliwa kwa barua ya aya moja.

Tuko watano, tamthilia ina wahusika tisa. Tufanyeje?

Chora jedwali: maonyesho (sehemu za tamthilia) juu, waigizaji pembeni, uone nani hakutani na nani. Hesabu kurasa alizonazo mtu za kubadilisha maleba. Ukurasa mmoja wa mazungumzo ya haraka hautoshi hata kufungua vifungo. Kisha jiulize kama kurudi kwa sura ileile kunasema kitu. Baba wa onyesho la kwanza akirudi kama polisi katika la tatu, hadhira itayaunganisha hayo mawili, utake usitake. Afadhali uwe umetaka.

Katika usaili nitafute nini?

Msikilizaji. Mpe kila anayekuja nusu ukurasa usioeleweka, acheze anavyoona. Kisha mpe agizo moja dogo, kwa mfano "cheza tena, ila unaogopa kuamsha mtu", utazame kama kitu kinabadilika. Kuna mwenye sauti ya radi ambaye ukimpa maagizo kumi atayacheza yote kwa namna ileile moja. Kuna mwingine wa sauti ya kawaida anayesema "sielewi, lakini ngoja nijaribu", naye akijaribu chumba kinatulia. Mchukue huyo.

Kuhusu mwanzilishi wa kikundi ambaye kwa desturi ndiye hupewa nafasi kuu: na yeye aje kwenye usaili kama wengine, na umwambie hivyo kabla ya siku yenyewe, ana kwa ana. Baada ya hapo mambo huwa magumu zaidi.

Tunahitaji muda gani?

Kwa tamthilia ya saa moja na nusu, mimi huomba wiki sita, jioni nne kwa wiki, saa tatu kila jioni. Hizo ni saa 72 kwenye karatasi. Toa foleni, misiba, zamu za kazini na ufunguo wa chumba uliosahaulika nyumbani kwa mtu, unabaki na kama 55. Panga kwa 55. Anayepanga kwa 72 hujikuta wiki ya mwisho anafundisha onyesho la mwisho kwa mara ya kwanza.

Siku ya kwanza niwaeleze falsafa ya tamthilia?

Nilifanya hivyo mara moja. Nilikuwa na kurasa kumi na moja za maelezo juu ya vita, upweke na kuvunjika kwa lugha, nikazisoma zote, waigizaji wakaandika kwa bidii kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa wiki tatu zilizofuata kila mmoja alikuwa anaigiza upweke. Uliza swali dogo, "unataka chai?", likatoka kama tangazo la kifo. Ilibidi niwaombe wasahau nilichosema, na mtu hasahau kwa kuombwa.

Siku hizi siku ya kwanza tunasoma tu. Tunabadilishana nafasi kila kurasa tano ili asijizoeshe mtu mapema, na atakayecheza mama asikie maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine. Baada ya kusoma natoa swali moja: ni kitu gani kilitendeka? Mtu akijibu "wanatafuta maana ya maisha", namwomba aonyeshe mstari. Akijibu "alimficha mwenzake kiatu", tumeanza kazi.

Mezani tusikae zaidi ya jioni nne. Baada ya hapo akili huchangamka na miili hulala.

Waigizaji wanaendelea kuniuliza "hii ina maana gani?" Niwajibu nini?

Wajibu kwa kitendo. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwigizaji hawezi kucheza maana. Ukimwambia mstari huu unaashiria utupu wa binadamu wa leo, umempa kitu cha kufikiria na hujampa kitu cha kufanya. Macho yatapanda juu, sauti itashuka, na hadhira itajua inaonyeshwa kitu kikubwa bila kukiona. Anachoweza kucheza ni kitenzi, tena kitenzi chenye mtu wa kukipokea. Bahati nzuri Kiswahili kimetujengea jambo hilo ndani ya neno lenyewe: kumtuliza, kumsuta, kumpima, kumbembeleza, kumfukuza, kumkomoa. Hiyo -m- ndiyo mwigizaji mwenzake. Kitenzi kisicho nayo, kama kuhuzunika au kutafakari, nakitilia shaka mara moja.

Chukua mstari mwepesi: "Umefunga mlango?" Useme ukimtuliza mwenzako: yule ana hofu, nawe unataka alale. Useme ukimsuta: amekuwa akisahau kila siku. Useme ukimpima: wewe ndiye uliyeufungua, unataka kujua kama ameona. Maneno ni yaleyale mawili onyesho likiwa tofauti. Tamthilia ngumu imejaa mistari ya namna hii, ambayo mwandishi amekataa kukuambia kitenzi chake. Amekuachia wewe.

Kwa hiyo tunapita mstari kwa mstari, kila mwigizaji akiandika kwa penseli kitenzi kimoja pembeni. Wanapokwama, huwa namwuliza yule anayeambiwa badala ya anayesema: "wewe umeyapokeaje hayo?" Mara nyingi yeye ndiye anayejua. Kitenzi kikifa baada ya wiki mbili, tunakifuta. Mstari usiopata kitenzi kabisa baada ya jioni tatu unapewa kazi ya mwili: useme unapofunga kamba ya kiatu, mpaka fundo liishe. Sijui idadi ya mistari "isiyoelezeka" niliyoiona ikieleweka fundo lilipokatalia.

Na swali likija tena wiki ya tano? Likija wiki ya tano ni woga. Mpe maji ya kunywa, mrudie onyesho analoliweza, kisha mrudishe pale.

Vituo na ukimya vilivyoandikwa, vifuatwe vyote?

Vyote, angalau hadi wiki ya nne. Pinter aliweka madaraja matatu: alama ya dukuduku (nukta tatu), kituo (kunyamaza kidogo), na kimya. Dukuduku ni mtu anayetafuta neno. Kwenye kituo mawazo yanaendelea kwenda ingawa mdomo umefungwa. Kimya ni kizito zaidi: mambo yameharibika na yakianza tena hayatakuwa yaleyale. Peter Hall, aliyeongoza tamthilia zake nyingi, alikuwa akitenga zoezi maalumu kwa ajili ya nukta na vituo tu. Liige zoezi hilo. Ni la bure.

Kosa la kikundi kichanga ni kuvipa vituo vyote urefu mmoja, sekunde tatu tatu, kama watu wanaosubiri taa za barabarani. Kosa la pili ni kuvipamba: mmoja anakuna kidevu, mwingine anakwenda dirishani. Kituo hujazwa na kitenzi kilichotangulia ambacho bado hakijafika kwa mwenzako. Ukimtishia, subiri uone kama imemwingia. Hapo hakuna haja ya kuhesabu.

Skripti ina mikwaju katikati ya sentensi. Ni makosa ya chapa?

La. Caryl Churchill ndiye aliyeueneza mtindo huo, na sehemu ya kwanza ya tamthilia yake Top Girls (1982) ni somo lake zuri. Mkwaju (/) unaonyesha mahali ambapo mwenzako anaanza kusema kabla hujamaliza. Fundisheni polepole, kama ngoma: kwanza kila mmoja akariri wake bila kugongana, kisha wawili, kisha wote. Chagua sauti moja ambayo hadhira lazima iisikie katika kila mgongano, nyingine zishuke kwa kiasi. Mkipiga kelele zote sawa, hadhira itaacha kusikiliza na itaanza kutazama nguo.

Mistari haina majina ya wasemaji. Nigawe vipi?

Kwa mazoezi, siyo mezani. Martin Crimp katika Attempts on Her Life (1997) hakumpangia mtu mistari, aliacha vistari tu kuonyesha msemaji anabadilika. Sarah Kane katika 4.48 Psychosis hakuandika hata idadi ya watu. Onyesho la kwanza, London mwaka 2000 chini ya James Macdonald, lilitumia waigizaji watatu. Lako si lazima liwe na watatu.

Simamisha kundi katika duara, maandishi mkononi, anayesukumwa na mstari ausome. Wawili wakigongana, waache wagongane. Baada ya jioni ya tatu utaona mistari fulani inamfuata mtu yuleyule kama paka. Andika hapo. Iliyobaki igawe wewe kwa sikio: nani ana sauti nyembamba ya kuvunja ukimya, nani ana nzito ya kuufunga.

Maneno yanajirudia mno, waigizaji wanaruka kurasa mbili mbele. Tufanyeje?

Watu hukariri kwa kisa, na hapa kisa hakipo. Funga kila rudio kwenye mahali: "sijui" ya kwanza mlangoni, ya pili umeketi, ya tatu umeshika koti. Mguu hukumbuka kuliko kichwa. Pia mwekeni mtu wa kudumu wa kukumbusha maneno, asiyecheza, awe nanyi tangu wiki ya tatu, ajue kituo kipi ni cha mwandishi na kipi ni cha msahaulifu. Kwa tamthilia hizi, mtu huyo ni muhimu kuliko fundi taa.

Hatuna pesa ya mandhari.

Vizuri. Tamthilia nyingi za aina hii zinaomba vitu vichache, na kila kimoja ni kizito. Kijiti kikavu kinatosha kuwa mti, lakini kiwe kijiti mlichokichagua kati ya thelathini. Mti wa onyesho la Godot la Paris mwaka 1961 ulitengenezwa na mchongaji Alberto Giacometti, na bado ulikuwa mti mwembamba mmoja. Tumieni pesa kidogo iliyopo kwa taa mbili zinazofanya kazi, na kiti kisicholia.

Kuna onyesho la ukatili, au la kitandani. Nililinde kundi vipi?

Andika kila hatua kama mpangilio wa ngoma: mkono wa nani, unagusa wapi, kwa hesabu ngapi, unaondoka lini. Hatua isiyoandikwa haichezwi, hata kama usiku huo "imekuja yenyewe". Kila mtu awe na neno la kusimamisha zoezi, na akilitumia asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Kama mnaweza kumpata mratibu aliyesomea kazi hiyo, mpateni. Kama hamuwezi, msimamizi wa jukwaa awepo kila mara. Kusiwe na zoezi la watu wawili na mwongozaji ndani ya chumba kilichofungwa. Katika kikundi kidogo watu ni marafiki, majirani, wengine mtu na mpenzi wake wa zamani, na urafiki huo huwafanya waone haya kukataa.

Uzito mwingine hauonekani. Billie Whitelaw, aliyecheza Not I ya Beckett mjini London mwaka 1973, alifungwa kichwa kisitikisike, macho yakiwa gizani na mdomo tu ndio ukionekana. Mazoezini alihisi anabingirika angani, akazidiwa, ikabidi asimamishwe. Alikuwa miongoni mwa waigizaji hodari wa zama zake. Wako watazidiwa pia. Baada ya zoezi zito tengeni robo saa ya kukunja maleba, kufagia na kupiga soga kabla mtu hajaenda nyumbani.

Tuitangazeje bila kuwafukuza watu?

Msiwadanganye. Godot ilipofika Miami Januari 1956, tangazo liliiita kichekesho kilichotikisa mabara mawili. Watu walivaa wakaenda kucheka, na baada ya mapumziko viti vingi vilikuwa vitupu. Novemba 19 ya mwaka uliofuata, kundi kutoka San Francisco chini ya Herbert Blau liliipeleka katika gereza la San Quentin, mbele ya wafungwa wapatao 1,400, watu ambao wengi wao hawakuwa na mazoea ya ukumbi wa tamthilia. Walikaa hadi mwisho. Kungoja wanakujua kuliko mhakiki yeyote.

Sitaki kusema kwamba magereza yana hadhira bora. Nasema tafuteni watu ambao tamthilia yenu inazungumza habari zao, muwaalike kwa njia wanayopitia. Kama ni ya mtu anayesahau, alikeni wanaouguza wazee. Kwenye bango semeni ukweli: saa moja na dakika ishirini, hakuna mapumziko, watu wawili na mlango.

Niandike maelezo ya maana kwenye kijitabu?

Majina, shukrani, muda. Basi.

Watu wakitoka katikati?

Watatoka. Msimamizi wa jukwaa ahesabu wangapi na katika mstari gani. Wakitoka kila usiku mahali pamoja, pana kitenzi kilichokufa. Kirudie kesho yake mchana. Wakitoka mahali tofauti tofauti, wana mabasi ya kuwahi.

Usiku wa kwanza umepita. Naweza kuendelea kubadilisha?

Kidogo, na kupitia kwa msimamizi wa jukwaa, ambaye sasa onyesho ni lake. Mimi huketi nyuma kabisa usiku wa pili na wa tano, nikiwa na karatasi moja tu ili maelezo yasizidi upande mmoja. Usiku wa tano wa tamthilia yangu ya mwisho niliandika mistari miwili: "Mlango unalia. Rudisheni kituo cha ukurasa wa 31, mmekifupisha." Mlango ulipakwa mafuta. Kituo kilirudi siku ya Jumamosi, kikiwa kirefu kupita kiasi.